Mashini ya kusaga na umeme wake: njia za kulisha mota zilinganishwe

Katika Goma, Bukavu, Butembo, Uvira na vijiji vingi vya Kivu na Ituri, mashini ya kusaga iko kati ya vitu vya kwanza vinavyotafutwa umeme ukifika kwenye kartie. Mahindi na mihogo ni chakula cha kila siku, na bila unga hakuna bukari. Zamani mashini nyingi zilikuwa za mazutu. Leo wenye mashini wengi wanataka mota ya umeme, sababu haina moshi, haipigi kelele nyingi, na haiombi mtu kubeba bidoni za mafuta.

Lakini mota ya umeme inaweza kuungua kwa siku moja. Mtu anauza shamba ama anakopa kwenye likirimba, ananunua mota, fundi anaifunga, inazunguka wiki mbili, kiisha inatoa harufu ya kuungua. Watu wanasema: «Mota ilikuwa mubaya.» Mara nyingi mota ilikuwa nzuri. Kilichokuwa kibaya ni namna ilivyolishwa umeme.

Makala hii inalinganisha njia zinazotumiwa kulisha mota: umeme wa fazi tatu, umeme wa fazi moja na kondasateri, kisanduku kinachoitwa varyateri, grupu ya mazutu, na jua. Mwishoni inaeleza pia mota ya aina nyingine, isiyo na sumaku wala waya katikati, ambayo haikubali kuunganishwa na umeme wa kawaida.

Fazi tatu na fazi moja

Umeme wa mutandao katika Kongo ni wa volti 220 na 380, unaogeuka mara 50 kwa sekunde. Nyumba nyingi zinapata nyaya mbili: fazi moja na netri. Kati ya hizo mbili kuko volti 220. Mafundi wanaita umeme huu «mono». Viwanda na mashini kubwa vinapata nyaya nne: fazi tatu na netri. Kati ya fazi moja na ingine kuko volti 380. Huu mafundi wanauita «tri».

Tofauti si namba tu. Ndani ya mota ya fazi tatu kuko makundi matatu ya koili za shaba, na kila kundi linapata fazi yake. Fazi hizo hazifiki juu kwa wakati mmoja, zinafuatana moja nyuma ya ingine kama watu watatu wanaotwanga katika kinu kimoja kwa zamu. Kufuatana huko kunafanya nguvu ya sumaku izunguke yenyewe ndani ya mota, na chuma cha katikati kinaifuata. Ndiyo maana mota ya tri inaanza bila kusaidiwa.

Mota ikipata fazi moja tu, hakuna kuzunguka. Nguvu ya sumaku inaenda na kurudi fasi moja. Mota inanguruma, inatetemeka, haiende, na kama mtu hakukata umeme haraka inaungua.

Kusoma plaketi kwanza

Kila mota iko na kibandiko cha chuma, yaani plaketi. Mambo manne ni ya lazima kusomwa.

La kwanza ni nguvu, kwa kilowati au kwa farasi. Kilowati 7,5 ni kama farasi 10, na ni kipimo kinachoonekana kwenye mashini nyingi za kusaga za kartie.

La pili ni ampere. Mota ya kilowati 7,5 kwenye tri ya volti 380 inakula kama ampere 15 ao 16 ikiwa na kazi yake yote.

La tatu ni mzunguko. Mota nyingi za kusaga zimeandikwa kama 1.450 kwa dakika.

La nne ndilo linaloua mota nyingi: volti. Plaketi ya 220/380 maana yake kila koili inataka volti 220. Kwenye mutandao wa 380, mota hiyo inafungwa kwa nyota, ambayo mafundi wanaita etwali. Plaketi ya 380/660 maana yake kila koili inataka volti 380. Hiyo, kwenye mutandao huohuo, inafungwa kwa pembetatu, yaani trianguli.

Mtu akifunga mota ya 220/380 kwa trianguli kwenye volti 380, kila koili inapata karibu mara mbili ya volti inayotaka. Haitachukua wakati mrefu. Akifunga ile ya 380/660 kwa etwali na kuiacha hivyo, itazunguka bila nguvu, na mahindi yakiingia itasimama. Vipande vitatu vidogo vya shaba ndani ya boksi la mota ndivyo vinavyoamua yote haya. Mtu asikubali fundi avifunge bila kusoma plaketi kwanza.

Njia ya kwanza: tri moja kwa moja

Hii ndiyo njia nyepesi na yenye vitu vichache vya kuharibika. Kunatakiwa dijontere, kontakteri na rele ya joto. Mota inapata nguvu yake yote.

Shida yake iko kwenye kuanza. Wakati wa kuondoka, mota inavuta ampere mara tano hadi saba ya zile za plaketi. Mota ya ampere 15 inaweza kuvuta 90 ao zaidi kwa sekunde chache. Ndiyo maana taa za majirani zinafifia mashini ikiwashwa. Kama transforma ya kartie ni ndogo na iko na wateja wengi, volti zinashuka kwa wote, na mota yenyewe inakosa nguvu za kuondoka.

Kwa hiyo mafundi wanatumia kuanza kwa etwali-trianguli. Mota inaanza kwa nyota, ikishapata mwendo inahama kwenye pembetatu. Ampere za kuanza zinapungua hadi theluthi moja. Lakini nguvu ya kuzungusha nayo inapungua hadi theluthi moja. Kwa hiyo mashini lazima ianze tupu, bila mahindi ndani. Tena njia hii inaenda tu na mota ya 380/660 kwenye mutandao wa 380. Ile ya 220/380 haifai hapo.

Hatari kubwa ya tri ni kupoteza fazi moja. Fuzibule moja inaruka, ao waya mmoja unakatika juu ya nguzo, na mota inabaki na fazi mbili. Kama ilikuwa inazunguka, inaendelea kuzunguka, lakini inavuta ampere nyingi kwa koili zilizobaki. Mwenye mashini anasikia sauti imebadilika kidogo, anafikiri ni mahindi yenye kuloa. Kiisha dakika chache moshi unatoka. Rele ya joto iliyowekwa sawasawa kwenye ampere za plaketi inakata kabla ya hapo. Kuko fundi anayeipandisha rele juu «ili isisumbue». Fundi huyo ameondoa kinga, na mwenye mashini ndiye atakayelipa koili mpya.

Njia ya pili: mono na kondasateri

Fasi nyingi tri haifiki. Kuko nyaya mbili tu. Hapo watu wanachagua kati ya mota iliyotengenezwa kwa mono na mota ya tri inayodanganywa kwa kondasateri.

Mota ya mono iko na koili mbili: ya kazi na ya kusaidia. Kondasateri inatanguliza umeme wa koili ya pili mbele ya ule wa koili ya kazi, na tofauti hiyo ndiyo inayoanzisha mzunguko. Mota hizi zinafaa kwa nguvu ndogo, hadi kama kilowati 2,2, yaani farasi 3. Ikianza kunguruma bila kuzunguka, mara nyingi kondasateri imekufa, mota haina kosa. Bei ya kondasateri ni ndogo sana mbele ya bei ya mota.

Mota ya tri nayo inaweza kufungwa kwa mono. Inatakiwa iwe ya 220/380, ifungwe kwa trianguli, kiisha kondasateri ishikilie mwisho wa tatu. Kipimo mafundi wanachotumia ni kama mikrofaradi 70 kwa kila kilowati. Mota ya kilowati 2,2 itaomba kama 150, na zingine za kuongeza kwa sekunde za kuanza tu. Lakini mota hiyo haitoi tena nguvu yake yote. Inatoa kama theluthi mbili. Mtu aliyenunua kilowati 2,2 anapata kama 1,5. Na ikianza nguvu yake ni ndogo, kwa hiyo ni vigumu kuianzisha na mzigo.

Njia hii ni ya bei ndogo na inafaa kwa pampu ndogo, msumeno, ao mashini ndogo ya karanga. Kwa mashini ya kusaga mahindi ya kartie nzima ni njia ya kujidanganya. Hesabu inaonyesha juu ya nini: kazi ambayo tri inaifanya kwa ampere 15 katika kila waya, mono itaiomba kwa ampere 45 ao zaidi katika waya mmoja. Kiunganisho cha nyumba ya kawaida hakikutengenezwa kwa mzigo huo.

Waya unakula nguvu

Hapa kuko jambo linalosahauliwa sana. Mashini iko mita 50 kutoka kwenye kisanduku cha umeme, na mtu ananunua waya mwembamba wa milimita 2,5 sababu ndio uliokuwa sokoni. Umeme unaenda mita 50 na kurudi mita 50. Mota ikivuta ampere 20, karibu volti 14 zinabaki njiani, zinakuwa joto tu. Ikivuta ampere 60 wakati wa kuanza, zinapotea kama volti 42. Mota inapata 178 badala ya 220.

Nguvu ya kuzungusha ya mota haipungui sawa na volti, inapungua kwa haraka zaidi. Kwa volti 178 inabaki kama theluthi mbili tu ya nguvu yake. Kwa waya wa milimita 10, hasara hiyo ingekuwa volti 10 tu wakati wa kuanza. Mtu aliyebana pesa kwenye waya atazilipa kwenye mota.

Njia ya tatu: varyateri

Varyateri ni kisanduku chenye elektroniki. Kinapokea umeme, kinaugeuza kuwa wa moja kwa moja kama wa batri, kiisha kinautengeneza upya kuwa fazi tatu, kwa mwendo ambao mtu anataka. Uzuri wake mkubwa ni kwamba kuko varyateri zinazoingia kwa mono ya 220 na kutoka kwa tri ya 220. Kwa njia hiyo mota ya tri inafanya kazi na nguvu yake yote fasi ambapo kuko nyaya mbili tu.

Lazima kukumbuka: kisanduku hicho kinatoa tri ya 220, si ya 380. Kwa hiyo mota ya 220/380 inafungwa kwa trianguli.

Varyateri inaanzisha mota polepole. Badala ya ampere mara sita, inavuta kidogo tu juu ya zile za kawaida. Taa za majirani hazifi. Inakata yenyewe kama fazi imekosa, kama mota imezidiwa, ao kama volti zimeshuka sana. Kwa pampu ya maji inaweza pia kupunguza mwendo wakati maji hayahitajiki mengi.

Kuko na bei yake pia. Kisanduku ni cha thamani, na kikiharibika mafundi wanaoweza kukitengeneza si wengi. Kinachukia joto na vumbi, na katika nyumba ya kusaga vumbi la unga linaingia kila pahali. Lazima kiwekwe mbali kidogo, katika sanduku lililofungwa vizuri lakini lenye njia ya kupumua. Haifai hata kidogo kuweka kondasateri kati ya varyateri na mota, wala kukata waya wa kati hapo wakati mota inazunguka. Makosa hayo mawili yanaua transista za ndani.

Varyateri haileti nguvu ambayo haiko. Kama kiunganisho cha mono kinakubali ampere 20, hakitazungusha mota ya kilowati 7,5, hata kisanduku kiwe kizuri namna gani.

Njia ya nne: grupu ya mazutu

Umeme ukikatika siku tatu, wengi wanawasha grupu. Swali la kwanza ni ukubwa. Kwa sababu ya ampere za kuanza, grupu inayowasha mota moja kwa moja lazima iwe na kilo-volti-ampere kama mara mbili na nusu hadi tatu ya kilowati za mota. Mota ya 7,5 inaomba grupu ya 20 ao zaidi. Ikianzishwa kwa etwali-trianguli ao kwa varyateri, grupu ndogo kidogo inatosha.

Tena kuko jambo la urefu wa inchi. Goma na Bukavu ziko kama mita 1.500 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na injini ya mazutu isiyo na turbo inapoteza sehemu ya kumi ya nguvu yake ao zaidi. Grupu iliyoandikwa 20 haitoi 20 hapo.

Kwa mafuta, hesabu ni hii: grupu inakula kama theluthi moja ya lita kwa kila kilowati-saa inayotoa. Mota ya 7,5 ikisaga kwa nguvu yote inaomba karibu kilowati 8,7, kwa hiyo ni kama lita 3 za mazutu kwa saa. Injini ya mazutu inayovuta mashini kwa mukanda, bila umeme kati yake, inakula kidogo kuliko hapo, sababu hakuna nguvu inayopotea katika kugeuza. Anayejua kwamba atatumia mazutu kila siku, ni vizuri abaki na injini ya mukanda. Grupu iko na maana kwa siku za kukatika, ao kama inalisha vitu vingine pia.

Njia ya tano: jua

Pano za jua zinatoa umeme wa moja kwa moja. Kuko varyateri za jua zinazoupokea bila batri na kuugeuza kuwa tri. Kwa mota ya volti 220 pano zinafungwa kwa mfuatano hadi kama volti 310, na kwa mota ya 380 hadi karibu 550. Volti hizo za moja kwa moja ni za hatari kuliko za nyumbani. Zikishika mtu ni vigumu kujitoa, na waya ukifunguliwa chini ya jua moto wake haukatiki kwa urahisi.

Kwa pampu ya maji njia hii ni nzuri sana. Wingu likipita, varyateri inapunguza mwendo, maji yanapungua, jua likirudi yanaongezeka. Tangi ndiyo inayokuwa «batri».

Kwa mashini ya kusaga mambo ni magumu zaidi. Mashini ya nyundo haipendi kuzunguka polepole: unga unatoka vibaya, mahindi yanaziba, mota inasimama. Kwa hiyo pano lazima ziwe nyingi kuliko hesabu ya karatasi. Mota ya kilowati 7,5 itaomba kama pano 32 za wati 400, na itasaga vizuri kati ya saa nne na saa tisa za mchana, jua likiwa kali. Kutaka kusaga saa mbili usiku kwa batri kunaomba kilowati-saa zaidi ya 17, bila kuhesabu zinazopotea njiani. Batri za lithiamu za kiasi hicho ni mali nyingi. Za risasi, ambazo haifai kuzimaliza hata nusu, zitakuwa mara mbili.

Ndiyo maana kampuni na miradi inakusanya wateja wengi kwenye mtambo mmoja. Nuru ilifungua katika Goma mwaka 2020 mtambo wa jua wa megawati 1,3. Upande wa maji kuko mitambo ya Ruzizi, na ile ya Matebe katika Rutshuru iliyofunguliwa mwaka 2015. Mtu mmoja peke yake ni vigumu kupata bei ambayo kartie nzima inaweza kupata pamoja.

Mota isiyokubali umeme wa kawaida

Kwenye magari ya umeme, mashini za kufua na pampu za kisasa mtu anaweza kukuta mota ya aina ingine: mota ya relaktansi ya kubadilisha. Katikati yake hakuna sumaku wala waya wa shaba. Kuko chuma tu chenye meno. Pembeni kuko koili. Koili moja ikipata umeme inavuta jino la karibu. Jino likifika, koili hiyo inazimwa na ya pili inawashwa, inavuta tena. Ni kama mtu anayemvuta mbuzi kwa majani: mbuzi akikaribia, majani yanasogezwa mbele.

Wazo ni la zamani. Robert Davidson wa Scotland alijaribu gari la reli lenye mota ya namna hii mwaka 1842. Lilikuwa zito na la polepole, sababu hakukuwa na kifaa cha kuwasha na kuzima haraka. Mota ilirudi wakati transista zilipokuwa na nguvu, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, waliitangaza sana kuanzia mwaka 1980.

Mota hii haiwezi kuunganishwa na mutandao moja kwa moja, hata kwa kondasateri. Varyateri ya kawaida ya tri nayo haiifai. Inataka kisanduku chake, kinachojua jino liko wapi na koili gani iwashwe. Visanduku hivyo viko na njia tatu kubwa.

Ya kwanza inampa kila koili transista mbili na diodi mbili. Koili ikizimwa, nguvu iliyobaki ndani inarudi kwenye batri ao kwenye kondasateri ya mwanzo. Haipotei, na kila koili iko huru. Moja ikiharibika, zingine zinaendelea, ijapokuwa mota inatetemeka. Ndiyo njia nzuri zaidi, na ndiyo yenye vifaa vingi na bei ya juu.

Ya pili inatumia transista moja kwa kila koili. Nguvu iliyobaki inatupwa katika rezistansi na kuwa joto, ao inawekwa katika kondasateri ya pembeni kiisha inarudishwa. Ya rezistansi ni ya bei ndogo, lakini inakula umeme bure. Mtu wa pano za jua asiitake.

Ya tatu ni ya kuchangia: koili tatu kwa transista nne, moja ikitumiwa na wote. Inapunguza bei, na kwa mwendo mdogo inafanya kazi vizuri. Mwendo ukiwa mkubwa inakuja shida, sababu koili ya kwanza haijamaliza kuzimika na ya pili tayari inaomba. Zinagombania transista moja, na nguvu inashuka.

Kwa chanzo cha umeme, mota hii inapenda batri na pano, sababu kisanduku chake kinaanza na umeme wa moja kwa moja. Kutoka mono inahitaji kwanza kifaa cha kunyoosha umeme na kondasateri kubwa. Uzuri wake ni chuma cha katikati kisichoogopa joto, na kukosa sumaku za madini adimu ambazo bei yake inapanda na kushuka. Ubaya wake ni kelele, na kuzunguka kwa mishtuko midogo.

Kwa mnunuzi wa Kivu somo ni moja: mota kama hiyo ikiuzwa sokoni bila kisanduku chake, ni chuma na shaba tu. Ukiifungua na kuona katikati meno ya chuma bila waya wala sumaku, uliza kisanduku kabla ya kutoa franka.

Nani achague nini

Fasi kuko tri yenye volti nzuri, na mashini inafanya kazi kila siku: tri, na etwali-trianguli kama mota ni kubwa. Hakuna njia ya bei ndogo kuliko hiyo kwa miaka.

Fasi kuko mono tu, na mashini ni hadi kama kilowati 2,2: varyateri kama pesa iko, ao mota ya mono na kondasateri yake. Kudanganya mota ya tri kwa kondasateri kubaki kwa kazi nyepesi.

Fasi kuko mono tu na mtu anataka kusagia kartie nzima: kabla ya kununua mota, aende kuuliza kampuni ya umeme bei ya kuvuta tri. Wenye mashini wawili ao watatu, na fundi wa kuchomelea, wakiomba pamoja, bei ya nguzo na nyaya inagawanyika.

Fasi hakuna umeme: injini ya mazutu yenye mukanda kwa kusaga, jua kwa pampu. Jua kwa kusaga ni kwa anayeweza kulipa pano nyingi mara moja na kukubali kusaga mchana.

Kabla ya kuwasha

Kondasateri inabaki na umeme hata waya ukishatolewa. Fundi asiiguse kabla ya kuimaliza kwa rezistansi. Varyateri nayo inaomba kungoja dakika kadhaa kiisha kukata. Mwili wa chuma wa mashini lazima uunganishwe na waya wa udongo, sababu wamama wanaoleta mahindi wanasimama karibu, mara nyingine miguu iko na maji. Mukanda uwe na kifuniko, kitenge kisije kushikwa. Grupu isiwekwe ndani ya nyumba, moshi wake unaua bila harufu ya kumwamsha mtu.

Na kwa mota yoyote, maswali matano yaulizwe kabla ya pesa kutoka: plaketi inasema volti gani? Ampere ngapi? Kwenye kisanduku cha nyumba kuko fazi ngapi, na volti zinabaki ngapi saa moja ya jioni wakati kila mtu amewasha? Waya ni wa unene gani na urefu gani? Nani ataweka rele, na ataiweka kwenye ampere ngapi? Fundi mzuri hatachoka kuyajibu. Anayejibu «usijali, itaenda» bila kusoma plaketi, bora atafutwe mwingine.